Imefika Tabaka Gani?

Sindano ya kwanza anayochomwa mtoto wa Gety ni ya BCG, ya kumkinga na kifua kikuu, na kati ya sindano zote za chanjo ndiyo inayodai mkono mtulivu zaidi. Dawa yenyewe ni mililita 0.05, tone tu. Kazi yote iko kwenye kina. Ngozi ya mkono wa mtoto aliyezaliwa juzi ina unene wa milimita moja hivi, nami natakiwa niisimamishe ncha ya sindano ndani ya milimita hiyo hiyo. Nikiwa juu mno, dawa inamwagika. Nikizama kidogo, inaingia kwenye mafuta na mtoto anaweza kupata jipu baadaye. Naivuta ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, nailaza sindano hadi karibu iguse mkono, tundu lake likitazama juu, kisha naingiza ncha milimita mbili polepole huku nikiiona ikipita chini ya ngozi. Nikisukuma, ngozi inanipinga. Huko kupingwa ndiko ninakokutafuta. Panainuka kivimbe cheupe, na juu yake kila kinyweleo kinaonyesha kitundu chake. Dawa ikiingia kwa ulaini, ujue sindano imepita mahali pake.

Mimi ni muuguzi, na maisha yangu ya kazi nimeyagawa kati ya chanjo na chumba cha kufungia vidonda. Gety iko kusini mwa Bunia, kilomita 60 hivi kwa barabara ya Bogoro na Kagaba, kwenye milima ya Walendu Bindi, teritwari ya Irumu. Wagonjwa wanakuja kutoka Aveba, kutoka upande wa Bukiringi, wengine kwa pikipiki, wengine wamebebwa mgongoni. Wanaokuja na tatizo la ngozi karibu wote wameshapaka kitu. Pomada ile ile ya sokoni inapakwa upele, inapakwa mahali palipoungua, inapakwa baka jeupe lililotokea shavuni. Nawaelewa, maana ngozi tunaiona kwa nje tu, na kinachoonekana kwa nje tunakitibu kwa kupaka. Lakini ngozi ina tabaka, kila tabaka lina kazi yake na maradhi yake, na swali ninalojiuliza kabla ya lolote ni moja: hili limefika tabaka gani?

Tuanze juu. Tabaka la nje linaitwa epidemisi. Ni jembamba mno: kwenye kope halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, ila kwenye nyayo linaweza kuwa milimita moja na nusu. Halina mshipa hata mmoja wa damu. Ndiyo maana mwiba ukikukwaruza kidogo unaona mstari mweupe bila damu. Haujatoka nje ya epidemisi. Seli zake zinazaliwa chini kabisa, kisha zinasukumwa juu na zile zinazozaliwa nyuma yake. Njiani zinajaa protini ngumu iitwayo keratini, zinatandazika, zinakufa, na baada ya wiki nne hivi zinapukutika. Kwa hiyo ngozi unayoiona unapojitazama ni seli zilizokufa, na kazi yake inafanyika hivyo hivyo zikiwa zimekufa: kuzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati bado hana safu hiyo ya kutosha, anapoteza maji na joto upesi, na hii ni sababu mojawapo tunamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana.

Katika safu hiyo iliyokufa ndimo anamoishi mdudu wa upele. Jike lina urefu usiofika nusu milimita. Linachimba njia yake sambamba na uso wa ngozi, likitaga mayai mawili au matatu kwa siku, na kamwe halishuki hadi kwenye damu. Mwasho hautokani na kuchimba kwake. Unatokana na mwili kuukataa uchafu wake, na mtu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajajikuna. Hapo sasa fikiria nyumba ambamo watu wanalala wakibanana. Mwaka 2006 vita viliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Gety, na tangu hapo tumewaona watu wakihama na kurudi zaidi ya mara moja. Mahali popote ambapo familia nzima inalala chini ya turubai moja, upele unafuata. Anayejikuna analetwa, wasiojikuna wanabaki nyumbani na mdudu wao. Ukimpaka dawa ya benzoati mtoto mmoja na kuwaacha wenzake sita, umepoteza dawa. Wote wanapakwa siku moja, kuanzia shingoni hadi vidoleni, nguo na blanketi zinafuliwa na kuanikwa juani, na baada ya wiki wanapakwa tena.

Chini kabisa ya epidemisi kuna seli zinazotengeneza rangi, melanini. Idadi yake inakaribiana kwa watu wote duniani, Mngiti wa hapa na Mzungu wa Norwe. Tofauti iko kwenye wingi wa melanini zinayotoa na jinsi inavyosambazwa. Kila seli ya jirani inapokea melanini yake na kuiweka juu ya kiini, upande wa jua, ili kiini kisichomwe. Sisi tuko karibu na ikweta, tena mlimani, na jua letu ni kali hata siku ya baridi. Mtu mwenye ualbino anazo seli hizo hizo, ila hazitoi melanini ya kutosha. Kofia pana na mikono mirefu kwake ni dawa, na mzazi anayempeleka shambani saa sita mchana bila hivyo anamweka kwenye njia ya saratani.

Katikati ya seli za epidemisi kuna pia walinzi wenye matawi marefu. Mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, aliwaona kwa hadubini mwaka 1868 akiwa na miaka 21, akadhani ni mishipa ya fahamu. Leo tunajua kazi yao ni kukamata vijidudu na kuvipeleka kwenye tezi ili mwili ujifunze kupigana navyo. Wao na ndugu zao wa tabaka la chini ndio wanaoipokea BCG, na kwa ajili yao tunahangaika na ile milimita moja. Chanjo ya surua, kwenye miezi tisa, inakwenda chini zaidi, kwenye mafuta. Ile inayotolewa pajani kwenye wiki 6, 10 na 14 inapita tabaka zote hadi kwenye nyama. Akina mama wananiuliza kwa nini sindano hizi hazichomwi sehemu moja. Kila moja ina tabaka lake.

Chini ya epidemisi iko demisi, ngozi yenyewe. Mpaka kati ya hizi mbili haukunyooka. Zimeshikana kama vidole vya mikono miwili vilivyoingiliana, na ndiyo maana ngozi yako haivuki unapobeba kuni. Moto ukiziachanisha, maji yanajaa katikati, na hilo ndilo lengelenge.

Nizungumze juu ya moto, maana ndio unaoniletea watoto wengi na ndio unaoniumiza roho. Tunapika chini, kwenye mafiga au mbabula, na mtoto anayejifunza kutembea ana urefu sawa na sufuria ya uji. Uji una hatari kuliko maji kwa sababu unaganda mwilini na kuendelea kuunguza. Moto ulioishia epidemisi unafanya wekundu na maumivu, na kwa siku chache umekwisha. Uliofika demisi unatoa malengelenge, na maumivu yake ni makali kwa sababu miisho ya mishipa ya fahamu imefunuliwa. Kisha kuna ule uliopita demisi yote. Ngozi inakuwa nyeupe au ya kahawia, kavu, ngumu, na mtoto halii ukiigusa. Wazazi hufurahi: haumwi, amepona. Huyo ndiye ninayemkimbilia kwanza. Haumwi kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa.

Kuna jambo moja la demisi ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mizizi ya nywele na tezi za jasho zimezama ndani yake, na kuta za mizizi hiyo zimetandikwa seli za epidemisi. Epidemisi ikiungua yote, zile za mizizini zinapanda, zinatambaa, zinakutana, na ngozi mpya inafunga. Ukiangalia kidonda kizuri cha moto kwenye siku ya kumi, utaona visiwa vidogo vya waridi katikati ya wekundu, kimoja kwa kila mzizi wa unywele. Mimi nikiviona visiwa hivyo nashukuru Mungu kwa sauti. Visipokuwepo, mizizi imeungua, na kidonda kitafunga kutoka pembeni tu, kwa miezi, huku kikivuta na kukunja viungo hadi kidevu kishikane na kifua. Hapo mtoto anahitaji kupandikizwa ngozi. Daktari anachuna utando mwembamba sana kutoka pajani, na paja lenyewe linajifunga baada ya wiki mbili hivi, kwa kazi ya ile ile mizizi iliyobaki.

Ngozi hiyo mpya inatoka nyeupe kidogo, ya waridi. Mama mmoja aliona tunafungua bendeji ya mwanawe, akashika mdomo.

“Munganga, juu ya nini mutoto anageuka muzungu?”

“Hapana, mama. Ngojea, rangi itarudia.”

Na kweli inarudi, ikianzia kwenye vitundu vya nywele, nukta nyeusi moja hapa, nyingine pale, kwa sababu akiba ya seli za rangi nayo imo humo humo mizizini. Kwa moto usioingia sana hurudi yote, pengine kwa miezi kadhaa.

Yote haya yanategemea kitu kilichofanywa nyumbani dakika za kwanza. Joto linaendelea kushuka ndani ya ngozi hata baada ya sufuria kuondolewa, na maji safi ya kawaida yakimwagiliwa kwa dakika 20 yanaweza kulizuia lisifike kwenye mizizi. Mafuta ya mawese, majivu, dawa ya meno, yai, samadi: nimeviosha vyote kwenye ngozi za watoto, na kila kimoja kinafungia joto ndani au kinaleta uchafu.

Wapo wanaoanguka motoni wakiwa wakubwa, na kwa hao mara nyingi nyuma ya moto kuna kifafa. Nyuma ya kifafa, katika sehemu za jimbo letu la Ituri kama Logo huko Mahagi, watafiti wamekuta uhusiano na minyoo ya usubi. Minyoo hiyo ni wakazi wa demisi. Inzi mdogo mweusi wa kwenye mito iendayo kasi anauma, anapitisha vijinyoo, na vinapokomaa majike yanatoa watoto kwa maelfu, wenye urefu wa robo au theluthi ya milimita, wanaotembea ndani ya demisi mwilini kote hadi machoni. Ngozi inawasha, inakunjamana kabla ya umri wake, na kwenye miguu inapoteza rangi kwa mabaka. Kupima ni rahisi na kunashangaza. Kwenye mfupa wa nyonga unachukuliwa ubamba wa ngozi wa milimita mbili, mwembamba kiasi kwamba hautoi damu, unawekwa kwenye maji ya chumvi, na baada ya muda ukichungulia kwenye hadubini unawaona wakitoka, wakijinyonganyonga. Dawa ya ivermectini inawaua hao wadogo lakini wazazi wao hawafi, na majike wanaishi miaka zaidi ya kumi. Ndiyo sababu dawa hiyo inagawiwa kila mwaka, na ndiyo sababu asiyeimeza mwaka huu anawaachia nafasi. Kampuni ya Merck imeitoa bure tangu 1987, na waliogundua chanzo chake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Funza naye anakaa mpakani. Jike linatoboa epidemisi ya kidole cha mguu, kichwa kinafika demisi kunyonya damu, mkia unabaki nje kupumua na kutaga. Tumbo lake linakua kwa wiki mbili hadi kukaribia sentimita moja. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Alishuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, na katika miaka isiyozidi 30 alikuwa amelivuka bara pamoja na wapagazi na askari. Pini moja inayozunguka kwa watoto wa nyumba nzima inafika demisi ya kila mmoja, na kule kuna damu. Inaweza kuacha pepopunda.

Demisi inashikiliwa na nyuzi za kolajeni, na hapa nina neno kwa dada zangu na hata vijana wa kiume wa Bunia wanaojichubua. Nyingi ya krimu zile zina steroidi kali, klobetasoli hasa, na steroidi ikipakwa miezi inazila nyuzi hizo. Ngozi inang’aa, inapendeza picha, halafu inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani. Siku mtu huyo akija kujifungua kwa upasuaji, uzi unaweza kuikata ngozi badala ya kuivuta, na kidonda kinachelewa kufunga. Sisemi haya kumdharau mtu. Nimewashika mkono wengi wakilia, na wengi walianza kwa sababu mtu aliwaambia wao si wazuri.

Humo humo demisi imo mishipa ya fahamu, na humo ndimo ukoma unamoanzia. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Hansen wa Norwe mwaka 1873, anapenda sehemu zenye ubaridi: masikio, pua, mikono, miguu. Anakaa miaka mitano, hata zaidi, bila kujitangaza. Kisha linatokea baka lililofifia rangi, lisilowasha wala kuuma. Namfumba mgonjwa macho, nagusa ngozi yake nzima kwa ncha ya pamba, naye ananyooshea kidole kila nilipogusa. Nikigusa baka na kidole kisiende, nimeshapata jibu. Kongo yetu bado ni miongoni mwa nchi zenye ukoma, na asiyetibiwa anakuja kupoteza vidole kwa sababu anashika sufuria ya moto bila kujua.

Chini ya yote kuna mafuta, hipodemisi. Watu huyadharau, lakini ndiyo godoro na ndiyo akiba. Mtoto wa utapiamlo anayamaliza, ngozi inamning’inia matakoni. Mwingine anavimba maji miguuni, nakandamiza gumba sekunde tatu na shimo linabaki. Mtoto anayeharisha namfinya ngozi ya tumbo: ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, amekauka vibaya na hakuna muda wa kungoja. Katika mafuta haya pia minyoo mikubwa ya usubi inajiviringisha na kufanya vinundu vinavyopapaswa nyongani na mbavuni. Na humo unatambaa ugonjwa wa Buruli, uliopata jina lake kutoka eneo la Uganda karibu na mto Nile, ambao Albert Cook aliandika habari za vidonda vyake akiwa hospitali ya Mengo mwaka 1897. Kwetu Kongo unajulikana zaidi magharibi, Kongo Central. Unaanza kwa kinundu kisichouma; sumu yake inayayusha mafuta chini huku ngozi ya juu bado ipo, na kidonda kikifunguka kingo zake zinaning’inia bila chochote chini yake. Nao unapona kwa vidonge ukiwahiwa.

Utaona kwamba maradhi yanayoharibu zaidi ni yale yasiyouma: moto uliopita demisi, baka la ukoma, kinundu cha Buruli. Kinachouma kinaletwa siku hiyo hiyo. Kisichouma kinapakwa pomada na kungojwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Leo jioni ukimwogesha mtoto, au ukimsaidia mzee wako kuoga, mtazame mgongoni, matakoni, nyuma ya masikio. Ukiona baka lililofifia, chukua pamba uliguse akiwa amefumba macho. Asipohisi, mpeleke kituo cha afya wiki hii, hata kama ni mbali na hata kama hajisikii mgonjwa. Matibabu ya ukoma ni ya miezi 6 hadi 12, na dawa hazilipiwi.